Kazi "Yetu", Fedha "Zangu"

Lugha yetu ya Kiswahili ina mzaha wake wa siku nyingi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mmoja hutenda, mwenzake hutendewa. Ndivyo kitenzi kinavyoamua. Lakini fungate likisha, vitenzi hubadilishana zamu. Bibi hupika, bwana hupikiwa. Bibi hufua, bwana hufuliwa. Bibi huteka maji, bwana hutekewa. Aliyeoa hugeuka mtendewa wa kudumu, na aliyeolewa hatendewi tena jambo lolote, isipokuwa kuulizwa kwa nini chakula kimechelewa.

Tunayasema haya tukiifikiria Iyula. Wasomaji wetu wa Visiwani watauliza Iyula ni wapi. Ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambao mji wake wa Tunduma umepakana na Zambia. Ni nchi ya nyanda za juu, yenye baridi, mahindi na kahawa ya arabika. Bahari iko mbali na mwani hauoti. Hata hivyo, mwenyeji wa Paje au Jambiani akikaa huko juma moja hataona ugeni katika jambo moja, nalo ni namna kazi inavyogawanywa na namna fedha zinavyogawanywa.

Kahawa haina haraka ya kuwa fedha. Hupaliliwa, huchumwa punje nyekundu kwa kuchaguliwa na mbichi zikaachwa mtini, humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa kichanjani na kugeuzwa kila mara, na kufunikwa mawingu yanapotisha. Katika nyumba nyingi za wakulima wa kahawa, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mikono ya akina mama. Baba hupogoa, hupiga dawa na hubeba magunia. Hatusemi kwamba hafanyi kitu. Twaomba tu asikilizwe anavyosema. Wakati wa palizi husema "shamba letu". Wakati wa kuchuma husema "kahawa yetu". Siku magunia yanapopimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika, jina lililomo daftarini aghalabu ni lake peke yake, na ghafla "yetu" huwa "yangu". Tena wapo waume ambao siku ya malipo njia ya kurudi nyumbani huwarefukia. Njia waliyoipita asubuhi kwa nusu saa huwachukua hadi usiku wa manane, na fedha hupungua kila wanapopumzika.

Tusije tukaambiwa tunapendelea upande mmoja. Bibi naye ana siri zake. Ana kibubu asichokionyesha, upatu asioutaja, na bei ya kanga ambayo hushuka sana inaposimuliwa kwa mume. Akisema "natoka sasa hivi", bwana aliyekwisha kuvaa viatu yafaa avivue apumzike. Lakini kibubu hicho kikivunjwa, mara nyingi hutokamo sare ya shule, dawa ya mtoto au chumvi ya jioni. Ni siri ambayo nyumba nzima huila.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanaijua hadithi hii kwa upande wa maji. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wapo waume walioguna kuona wake zao wakishinda baharini. Akina mama walipoanza kununua mabati na kulipia mahitaji ya shule, guno lilipungua. Wakulima wa mwani walio wengi ni wanawake hadi leo. Wanaume wengi waliojaribu waliona bei ni ndogo wakaacha. Bei hiyo ndogo haikuwa sababu ya kutosha kwa mama mwenye watoto.

Wala hili si jambo lililogunduliwa juzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini huishi nusu ya maisha yao kama watu walio likizoni. Azimio halikuwasahau baadhi ya wanawake wa mijini, ambao nao liliwaweka kwenye likizo hiyo hiyo. Zaidi ya nusu karne imepita, na wapo waume ambao likizo yao bado haijakwisha.

Serikali nayo isicheke sana, maana mzaha huu una sehemu yake ofisini. Ofisa huitisha mkutano wa kijiji saa tatu asubuhi, wakati akina mama wako shambani au kisimani, kisha huandika katika taarifa kwamba "wanawake hawakujitokeza". Mwenzake wa Visiwani huitisha mkutano wa wakulima wa mwani siku ya bamvua, wakati maji yamekupwa na kila mkulima yuko kwenye kamba zake. Naye huandika hivyo hivyo. Taarifa zote mbili ni za kweli, na zote mbili hazina faida.

Sheria hazikukosekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Bara, ilimpa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetaka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Mwaka 2021 nchi ikapata Rais wa kwanza mwanamke, naye ni mzaliwa wa Visiwani. Mume anayempigia makofi Rais huyo mkutanoni, kisha akirudi nyumbani akamkemea mkewe kwa kuuliza magunia yaliuzwa mangapi, hajawa na msimamo mmoja.

Ni maoni yetu kwamba hatua tatu zinawezekana bila kungoja fungu jipya la bajeti. Kwanza, vyama vya ushirika vya kahawa viwahimize mume na mke kuandikishwa wote wawili kuwa wanachama, na stakabadhi ya mazao isomwe mbele ya wote. Pili, hati za haki miliki za kimila zinapotolewa vijijini, mwandishi aulize jina la pili kabla ya kupiga muhuri, asingoje mama aje kulidai. Tatu, kila ofisa anayeitisha mkutano, wa Bara ama wa Visiwani, aangalie kwanza saa za kisima na kalenda ya maji. Kufanya hivyo hakugharimu chochote ila kuuliza.

Kwa waume tuna ombi dogo zaidi. Hatuwaombi waanze kupika kesho, maana huenda watoto wasingestahimili mafunzo hayo. Twawaomba kwamba neno "letu" walilolitumia kwa ukarimu wakati wa palizi walitumie tena siku ya malipo, mbele ya mke, na fedha zote zikiwa mezani. Mwanamume wa Iyula atakayefanya hivyo msimu ujao atagundua kwamba njia ya nyumbani ni fupi kama alivyoiacha asubuhi.