HONGO YA MUZIKI KATIKA REDIO: NANI ASHITAKIWE?



Kibarua aliyepata kusimama langoni alfajiri anajua hongo ni nini. Nyapara hatazami ujuzi wako, atazama kilichomo kiganjani. Mkono mtupu haulambwi. Kulipa redio kwa siri ili ipige wimbo ni jambo lile lile, na anayeachwa nje ya lango ni mwanamuziki, naye ni mfanya kazi kama sisi.

Mimi nasema sheria ikataze. Lakini tutazame Marekani, maana huko sheria ipo na hongo haikuisha.

Mwaka 1959 ilifichuka kwamba watangazaji wengi walipokea fedha za kampuni za santuri. Bwana Alan Freed wa New York alitakiwa na waajiri wake atie sahihi kwamba hajapokea kitu. Akakataa, akafutwa kazi. Mwaka 1962 alikiri mahakamani, akatozwa faini ya dola 300. Alikufa mwaka 1965, umri wake miaka 43, na jina lake limekwisha haribika. Mwenzake, Bwana Dick Clark, alikuwa na fungu lake katika kampuni za muziki, na nyimbo zao akizipiga mwenyewe. Yeye aliambiwa auze mafungu hayo. Akauza, akaendelea na kazi miaka mingi. Haya, wenzangu, pimeni wenyewe!

Sheria ya 1960 iliweka kifungo cha mwaka mmoja au faini ya dola 10,000. Lakini kosa ni siri tu: kituo kikitangaza kwamba kimelipwa, hapana shauri. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ililipa dola milioni 10 kumaliza madai ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York juu ya mambo haya haya. Yakaisha kwa fedha.

Mtaalamu wa uchumi Ronald Coase aliandika mwaka 1979 kwamba malipo hayo ni kama kutangaza bidhaa, tena yalizisaidia kampuni ndogo. Kweli, zilisaidika. Lakini sabuni hutangazwa kuwa ni sabuni ya kuuzwa, na msikilizaji hadanganywi. Tena nani hulipa mwishoni? Mara nyingi gharama ya kuusukuma wimbo hukatwa katika mapato ya mwimbaji mwenyewe! Na sheria ya Marekani haizilazimishi redio za kawaida, za AM na FM, kumlipa mwimbaji hata senti wimbo wake ukipigwa; alindwaye ni mtunzi.

Kwa hiyo sheria imshike kwanza mtoaji, kisha mwenye kituo, kisha mtangazaji, naye apewe mshahara wa kutosha. Na kila mwezi kituo kionyeshe chama cha wanamuziki daftari la nyimbo zilizopigwa na fedha zilizopokewa.