Wanajego, Tuuandike Mto Wetu

Wanajego, nawaandikia mlioko nyumbani, kijiji cha Jego, kata ya Vanga, na ninyi mliotawanyika Lunga Lunga, Ukunda, Likoni na hata Muscat kutafuta riziki. Nina ombi moja, na nalitoa kwa moyo wote. Kabla masika hayajaingia, kijiji kinunue daftari la jalada gumu, na humo tuanze kuuandika mto Umba: maji yalifika wapi, mwaka gani, mwezi ulikuwa na siku ngapi, nani alihama akaenda kwa nani, shamba la nani lilizolewa. Tuandike na ya zamani pia, maana wazee wanaoyajua bado tunao, na wakiulizwa kwa adabu watasema.

Naanza na mto wenyewe. Umba hauzaliwi kwetu. Chemchemi zake ziko Usambara Magharibi, kwenye msitu wa Shagayu wilayani Lushoto, katika milima inayopita mita 2,000. Kutoka huko unateremka kiasi cha kilomita 200, unakata nyika kavu karibu na Mkomazi, kisha unavuka mpaka na kuingia Kenya kwa kipande kifupi cha mwisho, kupitia mashamba yetu hadi mikoko ya Vanga na baharini. Wauza vito wa nchi za mbali wanalijua jina la Umba kwa sababu ya yakuti zinazochimbwa bondeni upande wa Tanzania. Sisi tunalijua kwa mpunga.

Ndiyo maana Jego inaweza kufurika siku ya jua kali. Mvua imenyesha Lushoto, sisi hatujaona hata wingu. Mtu anaamka, anachukua jembe lake, anafika shambani anakuta maji yamebadilika rangi, yamekuwa mazito na mekundu, yamebeba majani na magogo ambayo si ya miti ya huku. Mkulima mzoefu akiona hivyo hageuki nyuma mara mbili. Anarudi nyumbani kuondoa mbuzi na magunia. Kijana ambaye hajawahi kufundishwa ataendelea kupalilia.

Na kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya chumvi hujaa na kupanda mdomoni mwa mto. Mafuriko yakitokea siku za maji mafu, hupata njia ya kutokea. Yakiangukia bamvua, mto na bahari hukutana uso kwa uso, na maji hurudi nyuma hadi kwenye majaruba na nyua za watu. Mvuvi wa Vanga hahitaji kuambiwa hili, na mkulima wa Jego hahitaji kuambiwa habari ya maji mekundu. Ninachoomba ni elimu ya huyu na ya yule zikae kwenye ukurasa mmoja, pamoja na habari za jamaa zetu walio juu ya mto ng'ambo ya mpaka, ambao maji huwapitia wao kwanza. Tukiandika siku na saa mto ulipojaa kwao, na siku na saa ulipojaa kwetu, baada ya misimu michache tutajua tuna muda gani wa kujiandaa. Simu moja ya mapema inaweza kuokoa mavuno ya nyumba nyingi.

Mto huu uliwahi kuandikwa, lakini na watu wasiolala kando yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana bara lililo nyuma ya pwani ya Sultani wa Zanzibar, mstari wao waliuanzia mdomoni mwa Umba, wakaupeleka moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Julai 1893 wakaafikiana mwanzo uwe Ras Jimbo. Tangu hapo mdomo wa mto uko Kenya na chemchemi zake ziko Tanzania, na jamaa wa Kidigo, Kisegeju na Kivumba wakajikuta wana ndugu Jasini, Moa na Duga ambao kwenye karatasi ni raia wa nchi nyingine. Harusi na matanga havikuukubali mpaka huo hata siku moja. Watu bado wanavuka kwenda kuzika.

Miaka ishirini na ushei baadaye vita vya wakubwa hao vikafika papa hapa. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalikizingira kituo cha Waingereza pale Jasini. Kanali Raghbir Singh, mwanajeshi wa Kashmir aliyekiongoza kituo hicho, aliuawa, na waliobaki walisalimu amri risasi zilipowaishia. Baada ya hapo Waingereza waliliacha bonde la Umba. Haya yote yamo vitabuni, hadi jina la afisa na idadi ya risasi. Ya wanavijiji hayamo: familia zilijificha wapi, mpunga wa msimu ule ulivunwa na nani, nani alichukuliwa kubeba mizigo asirudi. Nyumba iliyorithi hata kipande cha habari hiyo kutoka kwa babu au bibi, ina kitu ambacho hakuna maktaba yoyote iliyonacho, na kinapungua kila tunapotoka makaburini.

Thamani ya kuandika tunaijua kwa mfano wa jirani. Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa pwani yetu hii, ulitawaliwa na madiwani waliokuwa na siwa na ngoma zao za utawala. Sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo kuhusu madiwani hao ipo kwa sababu Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, aliandika masimulizi ya Vumba na kuyachapisha mwaka 1900. Aliyeshika kalamu alikuwa mgeni, lakini wenye habari walikuwa wenyeji. Safari hii kalamu na habari viwe mkononi mwetu.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Pale Gazi, watu wa Gazi na Makongeni walianza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja: wakalinda hekta 117 za mikoko, wakishirikiana na wataalamu wa utafiti wa bahari wakapima unene na urefu wa miti, wakahesabu hewa ya ukaa iliyohifadhiwa, wakaiuza. Fedha zikaingia kwenye maji ya bomba na shule, na mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kisha majirani zetu wa karibu kabisa, Vanga, Jimbo na Kiwegu, wakafuata njia hiyo kwa hekta zaidi ya 400. Mikoko ilikuwepo siku zote. Mkandaa na mkoko ni ule ule waliokata babu zetu boriti. Kilichobadilika ni kwamba watu waliingia matopeni na kamba ya kupimia, wakaandika, na karatasi yao ikaaminika.

Na mikoko hiyo inaishi kwa Umba. Mto ndio unaoipelekea maji baridi na udongo. Ukikauka kupita kiasi kiangazi, au ukishusha mchanga mwingi kwa sababu miti imekatwa juu, mikoko ya Vanga itaonja. Kwa hiyo daftari la Jego litakuwa na wasomaji wengi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua jumuiya za watumiaji maji, na jumuiya inayokwenda mezani na kumbukumbu za misimu kumi husikilizwa kuliko inayokwenda na malalamiko matupu. Upande wa Tanzania mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Nao watahitaji kujua maji wanayoyasimamia yanafanya nini yakishavuka kwetu.

Sasa kuhusu nani aandike. Nasema bila kusita: akina mama wawe mbele. Wao ndio wanaoteka maji na kufua, wao ndio wanaojua ni kiteko kipi mamba ameonekana wiki hii na kipi kimelala salama. Wao ndio hushinda wameinama kwenye mpunga, wakipandikiza miche, kisha watoto wao wakikaa dunguni kuwinga ndege tangu alfajiri. Mama anayelima jaruba moja miaka thelathini anaweza kukuonyesha mahali mkondo wa zamani ulipopita, kwa sababu udongo wa pale una mchanga na mpunga wake hunywea mapema. Habari kama hiyo inaamua wapi mtu ajenge na wapi asijenge. Sisi wanaume tumezoea kuitisha mkutano chini ya mwembe, tukazungumza sisi, mama zetu wakapika chai. Daftari hili lisianze hivyo.

Vijana wana simu. Kazi yao iwe kurekodi wazee wakisema kwa Kidigo, Kisegeju au Kivumba, kama kila mmoja alivyozoea, bila kuwasahihisha wala kuwaharakisha. Mzee akisema mafuriko fulani yalikuja mwaka aliozaliwa fulani, msimkatize kumdai tarehe. Andikeni hivyo hivyo, tarehe itatafutwa baadaye kwa cheti cha huyo aliyezaliwa. Waulizeni na mambo ya furaha. Sengenya ilipigwa uwanja gani? Nani aliyekuwa akichonga mitumbwi, na mti aliutoa wapi? Madrasa ya kwanza ilikuwa ukumbi wa nani? Kijiji si mafuriko peke yake.

Walimu nao tunawaomba kuta za shule. Kila maji yanapofika kwenye jengo, pigeni mstari wa rangi ya mafuta penye kina na tarehe pembeni. Mtoto atasoma darasani huku akiuona. Na mgeni anayekuja kununua kiwanja atauona pia, jambo litakalotuepusha na ugomvi mwingi. Tukumbuke pia kwamba kanuni za nchi zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Mstari ukutani na kumbukumbu daftarini vitasaidia kujua ukingo huo unaanzia wapi, na pale ndipo pa kurudishia miti na matete.

Mlioko ughaibuni, msitume fedha kwanza. Tumeni picha. Ile ya baba amesimama mbele ya nyumba ya makuti ambayo sasa haipo, ile ya harusi inayoonyesha minazi nyuma, ile ya mama kando ya mto. Andikeni nyuma ya picha, au kwenye ujumbe, ni nani, ni wapi na ni lini. Wenye wazazi wazee wapigieni simu Ijumaa hii, waulizeni Umba ulikuwaje walipokuwa wadogo, na mtunze sauti zao.

Daftari liwe na nakala mbili: moja ikae shuleni, nyingine kwa mzee wa kijiji, mahali pa juu pasipofikiwa na maji. Kila robo mwaka zilinganishwe. Waandishi wawe watatu, wawili kati yao wanawake, na mmoja awe amemaliza shule karibuni ili mwandiko usomeke. Mstari wa kwanza usitafutiwe maneno makubwa. Uandikwe hivi: tarehe ya Kizungu na ya Kiislamu, rangi ya maji, kina chake kwenye kiteko kikuu, kama mvua imenyesha Jego au la, na jina la aliyeona.