Minara ikizimwa Garissa, angani bado kuna njia

Mnara wa simu ukilipuliwa, simu yako inabaki tochi. Watu wa Garissa, Wajir na Mandera hawahitaji kuelezwa hili: Al-Shabaab wameshambulia minara huku mara nyingi, na mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Nino yalikata barabara ya kwenda Nairobi. Sasa jiulize: ukiwa hapa Waberi na mtandao umelala, utaongea na nani?

Utasema Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Sawa, lakini hapo umekodi tu. Bili ikichelewa, umekatwa. Kuna setilaiti nyingine ambazo hazidai bili: za redio ridhaa, yaani redio ya watu wanaorusha mawimbi kwa kujifunza, si kwa biashara.

Anza kwa kusikiliza. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS) huzunguka dunia kila dakika 90 hivi, kama kilomita 400 juu yetu. Kina redio ridhaa ndani. Wanaanga wakiongea na wanafunzi, sauti hushuka kwenye 145.800 MHz. Chukua vipande viwili vya waya, kila kimoja sentimita 49, uviunganishe na redio inayofika masafa hayo. Programu za bure za simu zitakuonyesha kinapita saa ngapi. Una kama dakika kumi, halafu kimeshazama.

Dishi je? Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa redio ridhaa unaoitwa QO-100. Hii haipiti, inakaa palepale, nyuzi 26 mashariki, na inafunika Afrika yote. Dishi la kawaida la TV, kichwa chake, na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta vinatosha kusikia watu kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini wakipiga stori. Huna hata dishi? Kituo cha Goonhilly, Uingereza, kinairusha kwenye intaneti.

Kusema ndiyo kazi. Lazima upate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA), na jina lako la hewani litaanza na 5Z4. Hapa ndipo penye shida, na tuongee ukweli: kijana wa Karen akiweka antena juu ya paa ni mtundu wa teknolojia, kijana wa Garissa akiweka hiyohiyo, anaulizwa anawasiliana na nani. Serikali ilifuta ukaguzi maalum wa vitambulisho kwa watu wa huku Februari 2025, lakini shuku haifutwi kwa sahihi.

Kwa hivyo usifanye kimyakimya. Unda klabu, ikae chuoni au shuleni, mwalimu awepo, chifu na polisi wajue mapema, leseni ibandikwe ukutani. Na CA ikumbuke kwamba eneo linalopoteza minara ndilo linalohitaji zaidi watu wanaojua redio.

Tusiseme anga si yetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi Desemba 12, 1970. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliingiza 1KUNS-PF angani Mei 2018, na ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 tu.

Tafuta waya kwanza. Mengine yatafuata.