Koni Haikabi

Katika shule za msingi za Stanmore, London, mtoto anayefundishwa raga ya utepe, yaani raga isiyo na kuangushana, hufungwa mkanda wenye tepe mbili, na mpinzani akichomoa mmoja, mtoto huyo hulazimika kutoa pasi ya nyuma. Kwa kuwa haruhusiwi kuzikinga tepe wala kumsukuma mwenzake, hubakiwa na miguu tu: huinamia kushoto, hukita mguu wa kushoto, kisha huchomoka kulia, kwani penye nafasi ndipo penye njia. Mtoto wa Tanga aliyekulia kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, angeyaelewa hayo bila mwalimu. Kwa hiyo mafunzo ya kuzunguka koni, ambazo hazisogei wala hazidanganyiki, hupoteza muda wa watoto. Wapewe mkabaji wa kweli tangu siku ya kwanza, hata akiwa anatembea.