Usiisugue Rupia Hiyo
KIJIWENI na Idrisa Mketo

Ukitaka kujua kama mtu ameshatapeliwa au bado yuko njiani, muulize rupia yake inavuta mchele au haivuti. Hadithi hii naisikia tangu ujana: rupia ya Mjerumani yenye thamani ina zebaki ndani, ukiisogeza karibu na punje za mchele zinaifuata, na kuna mzungu hotelini Dar es Salaam anaisubiri na mamilioni yake. Mzungu huyo hajawahi kuonekana. Anayeonekana ni dalali, naye rupia haitaki. Anataka hela ya kupimia.

Kupima sarafu kupo kweli, ila mchele hauhusiki. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Namba 1 ni kipande kilicholika hadi hutambui kilichochorwa. 70 haina hata mkwaruzo. Alitaka namba hiyo iwe bei pia, yaani senti ya 70 iuzwe mara 70 ya senti ya 1. Soko liliikataa hesabu, namba zikabaki. (Huyo Sheldon, alipokwisha kufa, ilibainika kuwa alikuwa akichukua senti nzuri za American Numismatic Society na kuacha zake hafifu mahali pake. Msiniambie matapeli ni wa kwetu tu.)

Kipimo kikaja kuwa biashara kamili kwa kampuni za PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, mwaka uliofuata. Unatuma sarafu, wapimaji zaidi ya mmoja wanaikagua bila kujua ni ya nani, kisha inafungiwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba yake. Hapo muuzaji hawezi tena kusifia chake, na mnunuzi aliyeko Berlin hana haja ya kuishika ndipo alipe.

Sasa twende Tabora, 1916. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia: manowari za Waingereza zimefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haziingii. Wajerumani wakaanza kugonga sarafu wenyewe katika karakana ya reli. Ile ya dhahabu, rupia 15, ina tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu halisi, na ziligongwa 16,000 na ushee tu. Septemba mwaka huohuo mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Ukimpelekea sonara sarafu hiyo atakupa bei ya gramu. Mkusanyaji atakulipa bei ya tembo. Sipendi kuwaza ni ngapi zimekwisha yeyushwa zikawa pete.

Wa Tabora hao waligonga pia sarafu ndogo chini ya rupia, heller 20, za shaba ya manjano na nyekundu, na hapo ndipo ninapoiheshimu kazi ya mpimaji. Ziligongwa harakaharaka, kwa mitambo ya kubahatisha, nyingine zikazaliwa na taji lisiloonekana vizuri. Asiyejua atasema imechakaa. Anayejua ataigeuzageuza chini ya taa akitafuta mng'aro wa siku ya kwanza pale palipoinuka. Akiukuta, basi sarafu hiyo haikuzunguka sokoni. Iligongwa vibaya tu, na bei yake ni nyingine kabisa.

Mng'aro huo ndio wa kwanza kufa chini ya ndimu na majivu. Sarafu iliyosuguliwa wapimaji hawaipi namba ya kawaida, wanaandika kuwa imesafishwa, na wanunuzi wanarudi nyuma. Dakika tano za dawa ya meno zinaweza kula sehemu kubwa ya bei.

Wala si kila ya kale ni ghali. Heller 1 ya shaba iligongwa mamilioni kwa mamilioni. Kuituma Marekani ikapimwe ni kulipa zaidi ya inachostahili.

Ninachoiomba Makumbusho ya Taifa ni kidogo: siku moja kwa mwezi, meza, mizani ndogo, kioo cha kukuzia, na mtu wa kumwambia bibi aliyetoka Kilosa kuwa hii ni fedha, hii ni bati, hii usiiguse. Watajibu kuwa kazi yao si kuwapangia watu bei. Sawa, bei wasitaje. Waseme tu ni halisi au si halisi, na dalali wa mchele atakosa la kusema.

Wenzangu wa Kilwa na Songo Mnara, yenu ni habari tofauti. Visarafu vya shaba vya masultani mnavyookota ufukweni ni vya kabla ya 1863, na sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavihesabu kuwa malikale. Hivyo msimpigie dalali, wala msinipigie mimi. Mpigieni ofisa wa mambo ya kale.