Wanne kwa wanne

Baada ya kile kipindi cha mpira simu yangu haikupumzika. Wengi mliuliza jambo moja: kwa nini watoto ninaowafundisha hapa Ibra hawachezi mechi ya kawaida, kumi na moja kwa kumi na moja, badala yake nawagawa vikundi vidogo vidogo kama mpira wa uani? Hewani nilijibu kwa kifupi, leo nijibu kwa kirefu. Na nina haraka kidogo, mana Alkhamisi ijayo wazee wa watoto wanakutana kuamua kama tuendelee hivi au turudi uwanja mzima. Mashindano ya mitaa yamekaribia na watu wameanza kuwa na wasiwasi. Basi chukulieni safu hii kuwa ndo hoja nitakayoingia nayo mkutanoni.

Tuanze na hesabu, sisi wenye vikokotoo ofisini. Uwanja rasmi una mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Gawa kwa wachezaji 22: kila mmoja ana karibu mita 325 za kuzunguka peke yake. Hapo umempa mtoto wa miaka tisa shamba zima, na mpira ni mmoja tu. Nini kinatokea? Wale watatu wanne wenye mbio na vifua wanacheza, wengine wanasindikiza. Sasa chukua watoto wanane, wapangie koni kiwanja cha mita 30 kwa 20. Kila mmoja ana mita 75. Mpira hauwezi kwenda mbali hata ukitaka. Ukipoteza, adui ni wewe uliye karibu. Ukipata, lazima uamue sasa hivi: pasi, chenga au goli.

Kundi langu lina watoto 22, wa miaka tisa mpaka kumi na moja. Nawapanga viwanja viwili vya wanne kwa wanne na kimoja cha watatu kwa watatu. Watoto ni wale wale, lakini mipira sasa ni mitatu na hakuna anayekaa benchi kusubiri huruma ya kocha.

Kuna kijana mmoja hapo, jina lake nalihifadhi. Analetwa na bibi yake, mama wa Unguja wa zamani, anakuja na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai. Kabla sijakabidhiwa kundi hili nilikuwa nakuja kutazama tu, na wakati huo walikuwa wakicheza uwanja mzima. Siku moja bibi akaniita. "Mwanangu, mimi namleta huyu kucheza. Mbona anatembea tu?" Nikakaa nikahesabu. Nusu saa nzima yule mtoto aligusa mpira mara nne, na mbili kati ya hizo alikuwa anarusha. Waliomuweka beki ya pembeni hawakumweka kwa sababu anaweza kukaba. Walimweka kwa sababu huko ndiko asikoharibu kitu. Bibi akaniambia mtoto ameshasema nyumbani kwamba Ramadhani ikimalizika harudi tena.

Siku ya kwanza ya wanne kwa wanne nilijaribu kuhesabu tena, nikaacha. Hesabu ilinishinda. Sisemi kwamba sasa ni nyota. Mbio hana, na pengine hatakuwa nazo. Lakini anageuza kichwa kutazama kabla mpira haujamfika, anatumia mguu wa kushoto, na juzi nilimsikia anamgombeza mwenzake kwa nini hakumpa. Mtoto anayedai mpira ni mtoto ambaye amejiona yumo.

Wengine mliniuliza mazoezi yenyewe yanakwendaje, mana nanyi mna wadogo zenu na watoto wenu. Hakuna siri. Nina michezo mitatu.

Wa kwanza ni wa magoli manne. Kila upande una magoli mawili madogo, moja kila pembe, koni mbili zinatosha. Hakuna kipa. Ukiona goli la kulia limejaa watu, geuka uende la kushoto. Mjerumani Horst Wein ndiye aliyeueneza mtindo huu kwa watatu kwa watatu, na akili yake ni rahisi: mtoto ainue kichwa bila ya wewe kupiga kelele "inua kichwa!"

Wa pili hauna magoli kabisa. Unapata pointi ukiusimamisha mpira kwa mguu kwenye mstari wa mwisho wa wapinzani. Huu ndio wa chenga, mana huwezi kufunga kwa kupiga kutoka mbali. Lazima umpite mtu.

Wa tatu tunauita ngazi. Viwanja vitatu kwa safu, mechi za dakika nne. Aliyeshinda anahamia kiwanja cha kulia, aliyeshindwa cha kushoto. Baada ya raundi nne tano wenye nguvu wanakutana na wenye nguvu, na wanyonge wanakutana na wanyonge wenzao, na kila mechi inakuwa ya kugombaniwa. Hakuna anayefungwa kumi bila, na hakuna anayefunga kumi akajiona amemaliza mpira.

Dakika nne si bahati mbaya. Michezo midogo inachosha kuliko mechi kubwa, kwa sababu hakuna pa kujificha kupumzika. Na nyinyi mnaijua Ibra ya Juni, hata Nizwa ni hivyo hivyo, joto linapita nyuzi 40 bila kuona haya. Kwa hiyo dakika nne za kucheza, mbili za maji na kivuli. Miezi ya joto tunaanza baada ya Isha. Watu wa Sur wana upepo wa bahari, lakini na ule unyevu wao sihusudu.

Sasa tuje kwenye malalamiko, mana yapo na mengine yana haki.

Mzee mmoja, rika la baba yangu, namwita ami ingawa hatuna undugu wa damu, alinisimamisha baada ya Magharibi. "Mwanangu, huu mpira wa uchochoroni. Ulaya watoto wanavaa jezi, wanacheza mpira wa kweli. Sisi tunarudi nyuma?" Nikamwambia, ami, tuiangalie hiyo Ulaya. Uingereza ilibadilisha utaratibu wake baada ya kura ya 2012. Watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wakapangiwa watano kwa watano, wa chini ya 9 na 10 saba kwa saba, wa chini ya 11 na 12 tisa kwa tisa. Kumi na moja ikawa inaanzia chini ya miaka 13. Ujerumani, mabingwa wa dunia mara nne, tangu msimu wa 2024 wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, magoli manne. Na akademia ya Manchester United, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwapima watoto wake kwenye wanne kwa wanne na kwenye wanane kwa wanane. Kwenye mchezo mdogo pasi zilizidi kwa asilimia 135, na nafasi za kumkabili mtu ana kwa ana zilizidi kwa asilimia 225.

Ami akanitazama. Nikamuuliza, "Na wewe ami, mpira ulijifunzia wapi?" Akacheka. Kwao Unguja, mpira wa makaratasi, mawe mawili ndio goli. "Wangapi kwa wangapi?" "Waliopo." Wazee wetu walikuwa na chandimu. Hawakuwa na kocha wa kuwaambia wasimame wapi, na chenga walizijua. Hata hapa Oman mchezo mdogo si jambo la kuona aibu. Soka la ufukweni ni watano kwa watano, na Oman ilichukua ubingwa wa Asia mwaka 2015.

Lakini ami hakumalizia hapo. "Haya, na siku ya mechi je? Watapotea kwenye uwanja ule." Hili nalikubali. Michezo midogo haifundishi pasi ndefu, haifundishi kuotea, haifundishi beki wanne kusogea pamoja. Mtoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, anahitaji uwanja mkubwa, na asiyepewa anaonewa. Nami naelewa kwa nini wazee wana haraka. Mnajua wenyewe timu za mitaa zilivyo kwetu, mtu mzima na heshima zake anapiga ngoma mpaka sauti inakauka kwenye mashindano ya Shajji' Fariqak. Kila mzee anataka jina la mtaa wake lisikike. Ninachobisha ni kumlipisha mtoto wa miaka tisa gharama ya fahari hiyo.

Mama mmoja naye aliniandikia kutoka Mudhaibi: mwanawe ni kipa, je kwenye magoli ya koni atajifunza nini? Swali zuri, tena limetoka mahali penyewe, mana Ali Al-Habsi ametokea Mudhaibi, akaanzia klabu ya huko huko kabla ya kufika Norway na Uingereza, na mwaka 2009 Oman ikachukua Kombe la Ghuba bila kufungwa hata goli moja yeye akiwa langoni. Jibu langu: mchezo mmoja kila siku tunaweka magoli ya ukubwa wa kutosha, na kipa. Kwenye kiwanja cha mita 30 kila mtu yumo ndani ya umbali wa kupiga, kwa hiyo kipa anapigiwa mashuti mengi, tena ya karibu. Na raundi nyingine anacheza mbele kama wenzake. Kipa wa siku hizi asiyejua kutumia miguu ana kazi.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa safu hii. Nusu ya watoto wangu nyumbani wanasikia Kiswahili, lakini wakijibu wanajibu kwa Kiarabu. Mnawajua, wengi wetu tulikuwa hao hao. Basi raundi moja kila siku ni ya Kiswahili tupu. Anayeita kwa lugha nyingine, mpira unakwenda kwa wapinzani. Maneno yenyewe hayazidi kumi: nipe, rudisha, geuka, nyuma yako, peke yako, piga, subiri. Kwenye mechi ya watu 22 mtoto anaweza kunyamaza dakika arobaini na hakuna atakayejua. Kwenye wanne kwa wanne, ukinyamaza wenzako wanafungwa. Wiki ya pili watoto wasio na asili ya Uswahilini kabisa walikuwa wakipiga kelele "nyuma yako!" kushinda wajukuu wa Unguja. Bibi wa kiti cha plastiki anawasahihisha matamshi kutoka pembeni, bure bila malipo.

Alkhamisi nitawaambia wazee hivi. Wa chini ya miaka kumi na mbili wabaki kwenye viwanja vidogo. Wiki mbili kabla ya mashindano, siku moja kati ya tatu tucheze saba kwa saba kwenye nusu uwanja, ili wazoee nafasi. Wakubwa wapewe uwanja mzima na haki yao. Na kabla ya kupiga kura, kila mzee achague mtoto mmoja asiye wake, amhesabie anagusa mpira mara ngapi kwa dakika kumi, kwanza kwenye uwanja mzima, kisha kwenye kiwanja kidogo. Halafu tuzungumze.

Walio karibu na Ibra, njooni baada ya Isha, tunahitaji watu wa kuhesabu. Na walio mbali, niandikieni: wazee wenu walicheza wangapi kwa wangapi, na goli lilikuwa nini, mawe, makubadhi au ukuta wa jirani? Majibu tutayasoma kwenye kipindi kijacho, inshallah.