Metorex haikosi betri, lakini mashimo yanakosa hewa



Nani kati yetu hajui Metorex? Mfuko unafunguliwa, mashini inawekwa juu ya jiwe, na kisha muda kidogo namba inatoka: asilimia ya kobalti, asilimia ya shaba. Kwa hiyo namba mtu analipwa ao anakatwa. Ile mashini ina mwenyewe. Inalala ndani ya nyumba, inafutwa vumbi, betri yake inajazwa. Ikiharibika, biashara inasimama. Kwa hiyo haiachwi iharibike.

Sasa twende kwenye mdomo wa shimo. Hapo kuna mashini zingine: jenereta, mashini ya hewa na tiyo yake ya plastiki inayoshuka chini, motopompe ya kutoa maji. Hizi ndizo zinashika pumzi ya mtu. Mwenye kuzitunza ni nani? Mfadhili alizinunua, kijana mmoja anaziwasha, wengine wanashuka. Siku zinapokorofisha, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Tangu 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba zetu, Kasulo imechimbwa hadi chini ya vyumba vya kulala. Katika 2017 mamlaka ya jimbo walihamisha mamia ya familia, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, ikasemwa kwamba kazi sasa itakuwa na utaratibu. Ukuta tuliuona. Utaratibu wa mashini ndio tunauliza leo.

Tuanze na motopompe, kwa sababu mvua haitungoji. Pompa inayokaa juu ya udongo haiwezi kuvuta maji kutoka zaidi ya mita 7 hivi, hata ikiwa mpya. Kanuni za madini zinaruhusu mchimbaji mdogo afike mita 30, na tunajua kuna mashimo yanayopita hapo. Basi watu wanafanya nini? Wanafunga motopompe ya esanse kwa kamba na kuishusha ndani, karibu na maji. Maji yanatoka, ndiyo. Lakini moshi wa motere unabaki chini, na ndani yake kuna hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, miguu inakuwa mizito, mtu anakaa kidogo apumzike, hasimami tena. Mwenzake anashuka kumwokoa bila hewa, naye anabaki kule. Ndivyo shimo moja linaweza kuchukua watu watatu, na hakuna jiwe hata moja lililoanguka. Halafu mtaani tunasikia: "Ni bulozi." Hapana, bandugu. Ni motere.

Mashini ya hewa nayo inaweza kugeuka adui. Ikiwekwa karibu na jenereta, inavuta ule moshi na kuusukuma moja kwa moja kwa watu walio chini. Lazima ikae mbali, upande upepo unakotoka. Tiyo ikitoboka, hewa inaishia njiani, na juu motere inaendelea kulia kama kwamba yote ni sawa. Esanse ikiisha, dakika zinahesabika. Kwa hiyo mtu wa juu hawezi kwenda kutafuta sigara ao kujibu simu. Kazi yake ni moja: kulinda mashini na kusikiliza walio chini.

Kuna wanaosema wachimbaji ni wazembe, hawapendi usalama. Hatukubali. Timu inakula kwa mkopo wa mfadhili kwa wiki nyingi, na haioni makuta mpaka madini yatoke. Kijana akisema "leo tiyo imetoboka, sishuki," wanamjibu: "Acha, kuko wengine." Anarudi nyumbani bila fungu lake. Huyu si mzembe. Anachagua kati ya hatari na njaa, na waliomweka katika hayo machaguzi wanakaa juu, penye hewa.

Kwa hiyo sisi vijana tunadai haya:

1. Motere yoyote ya esanse ao mazutu isishuke tena ndani ya shimo. Koperative na wanunuzi walete pompa za umeme za kuzamisha, jenereta ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Pompa ishushwe kwa kamba yake, si kwa waya wa umeme, na umeme ukatwe kabla mtu hajaigusa.

2. Kila mashini iwe na mtunzaji anayejulikana na daftari lake: siku ya kubadili mafuta, siku ya kusafisha filta, siku tiyo na kamba zilikaguliwa. Sheria imeipa SAEMAPE kazi ya kusaidia wachimbaji wadogo. Basi wajumbe wake wafike kwenye mdomo wa shimo asubuhi na kutia sahihi kabla ya mtu kushuka.

3. Mchimbaji anayekataa kushuka kwa sababu mashini ni mbovu asipoteze fungu lake.

4. Sehemu ya makuta yanayokatwa kwa kila mfuko iende kwa matengenezo, na hesabu ibandikwe mlangoni, wote wasome.

Na sisi wenyewe tusingoje barua ya jibu. Kesho asubuhi, kabla ya kushuka, pitisheni kamba mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale nyuzi zimekatika, ikateni, msifunge fundo. Zimeni motere kabla ya kutia esanse. Na mwenzenu akianguka chini, mtu asimfuate mpaka hewa safi ifike kwanza. Ni vigumu kusimama juu na kungoja, tunajua. Lakini mama mmoja akilia, tusimwongezee wawili.

Tutapeleka madai haya kwa koperative na kwa viongozi wa jimbo, kwa amani, tukiwa wengi. Hatukatai kazi ya shimo. Ndiyo inasomesha wadogo zetu. Tunachosema ni hiki: ikiwa kuna makuta ya kutunza mashini inayopima jiwe, yapatikane pia ya kutunza mashini inayompa pumzi yule aliyelileta.